Mbio za kipupwe: Kiingilio buku tano, mlima bure!

WABONGO bwana! Mtu akishakimbia kilomita tano Jumapili asubuhi, Jumatatu anaingia kazini anachechemea. Ukimuuliza kulikoni, anakujibu kwa sauti ya juu ili ofisi nzima isikie: "Nilikuwa marathoni."

Usimcheke, angalau ameamka. Ila tuwekane sawa mapema, msomaji wangu. Marathoni kamili ni kilomita 42 na mita 195. Nusu yake ni 21 na ushee. Zile za 10 na za tano ni mbio tu kama mbio nyingine, na mtu akizikimbia vizuri ana haki yake ya kuchechemea.

Leo sitaki kuongelea mbio kubwa, zile ambazo fulana yake inajadiliwa kuliko njia yenyewe. Hizo mnazijua. Kuna Kilimanjaro Marathon ya kule Moshi iliyoanza mwaka 2003, na Mbeya kwenyewe kuna Mbeya Tulia Marathon, inayoandaliwa na Tulia Trust na kukusanya watu Uwanja wa Sokoine kuchangia elimu na afya. Ni mbio nzuri, zina wenyewe, na wapiga picha ni wa kumwaga.

Mimi nataka nikupeleke kwenye mbio za uchochoroni. Zile ambazo tangazo lake limeandikwa kwa maka peni na kubandikwa mlangoni kwa kinyozi. Hakuna msanii, hakuna jukwaa, hakuna fulana. Kuna mlima, kuna baridi, na kuna kiingilio cha shilingi 5,000. Nimekimbia mbili za aina hiyo kipupwe kilichopita, moja Mbeya na nyingine Iringa, na nimerudi na maneno.

BASI LA MCHANA, BARIDI YA USIKU

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Unapita Morogoro, unakatiza Mbuga ya Mikumi ukiwaangalia swala dirishani, kisha unaukuta mlima Kitonga. Hapo basi linanguruma kama linaumwa, malori yanatambaa, na abiria wote wanakuwa wacha Mungu kwa dakika kadhaa. Ukishamaliza Kitonga, hewa inabadilika. Mtu wa Dar unaanza kufunga dirisha bila kuambiwa.

Niliondoka na mshikaji wangu mmoja wa Sinza. Huyu jamaa ni mkimbiaji wa uhakika kule pwani, kila Jumapili yuko na klabu ya joging, anaimba na kukimbia mstari wa mbele. Begani ana kibegi kidogo, ndani kuna bukta mbili. Nikamuuliza, "Sweta liko wapi?" Akacheka. "Kaka, mimi nakwenda kukimbia, siendi kulala."

Tulishuka Mbeya usiku. Jamaa alikaa dakika mbili nje ya basi, akaenda moja kwa moja kwa muuza mitumba aliyekuwa anafunga meza, akanunua sweta la rangi ya zambarau lenye vifungo vya kike. Hakuuliza hata bei.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe chake, Juni mpaka Agosti, si cha mchezo. Alfajiri joto hushuka chini ya nyuzi 10, na moshi unakutoka mdomoni kama umevuta sigara.

WATU WENYEWE NI HAWA

Asubuhi yake, saa 12 kasoro, tulikuwa kwenye kiwanja cha mpira cha mtaani. Waandaaji ni vijana wa klabu ya mazoezi ya pale pale. Meza moja, daftari moja, kopo la kuwekea hela. Unatoa buku tano yako, jina linaandikwa, unapewa namba iliyoandikwa kwa mkono kwenye kipande cha kitambaa na pini mbili. Mambo yamekwisha.

Hatukufika watu mia moja. Niliangalia kushoto na kulia. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi wa kule Uyole, kavaa traksuti ya miaka mingi. Kulikuwa na vijana wa bodaboda waliopaki pikipiki zao pembeni na kuacha mmoja azilinde. Kulikuwa na wanachuo wenye saa za kuhesabu mapigo ya moyo. Kulikuwa na mzee mstaafu wa reli ya TAZARA aliyejipaka mafuta ya nazi miguuni mpaka iking'aa.

"Shikamoo mzee," nikamsalimia.

"Marahaba kijana. Umetoka Dar?"

"Umejuaje?"

"Unatetemeka."

Kwenye kona moja alikuwa amesimama dada mmoja wa miaka 19 au 20, mzula kichwani, kanga kiunoni juu ya taiti, na miguuni raba za mtumba ambazo soli yake ilikuwa imelika mpaka laini kama sahani. Tulipiga stori kidogo tukisubiri filimbi. Akaniambia anafanya kazi kwa mama ntilie Mwanjelwa, kumenya viazi na kuosha vyombo. Siku hiyo aliomba ruhusa ya nusu siku, na buku tano ya kiingilio ilikuwa ya kukopa.

"Sasa dada, ukikosa?"

"Nitamenya viazi," akasema, akacheka.

Zawadi ya kwanza kwa wanawake ilikuwa shilingi 80,000, ya pili 50,000. Kwa mtu wa mshiko mnene hiyo ni hela ya wikiendi moja. Kwa yule dada ilikuwa ni hesabu nyingine kabisa. Alimaliza kidato cha nne, hesabu zikamwangusha, na alikuwa anatafuta ada ya kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

BARABARA YA CHUNYA HAINA UTANI

Filimbi ikalia. Mbio zetu zilikuwa za kilomita 21: unatoka mjini, unashika barabara ya Chunya kuelekea msitu wa Kawetere, unapanda mpaka nusu ya safari, kisha unageuza na kushuka ulikotoka. Yaani kilomita 10 na nusu unaangalia mbingu, kilomita 10 na nusu unaangalia mji.

Mshikaji wangu wa Sinza alitoka kama ameiba. Sweta la zambarau likapotea mbele. Nikamwacha aende, maana kuna jambo moja ambalo milima ya kusini haimsamehe mtu wa pwani, nalo ni hewa. Kwenye mita 1,700 kila pumzi unayovuta inakupa oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ufukweni. Moyo unapiga haraka, mapafu yanalia, na miguu inadai deni ambalo hukujua unalo. Mwili unahitaji siku kadhaa, na kwa mbio ngumu hata wiki mbili tatu, kuizoea hali hiyo. Jamaa alikuwa na usiku mmoja.

Nilimkuta kilomita ya nne, mikono kiunoni, anaangalia miti.

"Vipi?"

"Nahesabu misonobari," akanijibu.

Hakurudi nyuma lakini, nampa heshima yake. Alipanda kwa kutembea, akikimbia pale palipokuwa na nafuu. Na hapo kuna siri ambayo wenyeji wanaijua: kutembea mlimani si aibu. Yule mzee wa TAZARA alikuwa anatembea kwenye miinuko mikali, tena kwa hatua ndefu, mikono ikisukuma magoti, na alinipita mara mbili huku anasalimia watu wa barabarani.

Maji tulipewa na kina mama, ndoo na vikombe vya plastiki. Mmoja alikuwa na sufuria la uji wa ulezi. Nikasema ndaga fijo, akafurahi mpaka akaniongeza kikombe cha pili. Watoto wa shule walikimbia na sisi mita mia mbili mia mbili, pekupeku, tena bila kuhema. Hapo ndipo unapokumbuka kwamba marathoni ya kwanza ya kila Mtanzania ni ile mchakamchaka ya shuleni, alfajiri, na kiranja nyuma na fimbo.

Kule juu ukigeuza ndipo unapolipwa. Mji wote uko chini yako, ukungu umelala mabondeni kama pamba, na kilele cha Loleza, chenye mita zaidi ya 2,600, kimesimama upande wake kama baba mwenye nyumba.

MLIMANI KAMWACHA, MTEREMKONI KAKAMATWA

Nilipokaribia kugeuza nilimwona yule dada anashuka. Alikuwa wa kwanza kwa wanawake! Kanga ameshaivua na kuifunga begani, anakimbia kama mtu aliyechelewa basi la mwisho. Nyuma yake, kama mita 150, alikuwepo mwanachuo mmoja mwenye viatu vya maana.

Nilipofika chini kila kitu kilikuwa kimekwisha. Mwanachuo wa kwanza, dada wa viazi wa pili.

"Mlimani nilimwacha," akanisimulia, miguu ameiweka kwenye beseni la maji. "Kushuka ndiyo kasheshe. Kila nikitaka kuachia mwili, kiatu kinateleza. Nikawa nafunga breki. Yeye anashuka tu."

Na hili si neno la kujifariji. Watu wengi hudhani kupanda ndiyo kazi na kushuka ni zawadi. Ukweli ni kwamba unaposhuka, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku inakaza. Ndipo inapochanika vichanio vidogo vidogo, na ndiyo maana maumivu makali huja siku ya pili, wakati umeshaanza kujisifu. Kiatu kisichoshika barabara kinakufanya ufunge breki maradufu. Kwa maneno mengine, tofauti ya shilingi 30,000 siku ile haikuletwa na mapafu wala moyo. Ililetwa na soli.

Dada alihesabu 50,000 yake mara mbili, akatoa buku tano ya deni akaiweka mfuko wa pembeni, halafu akaniuliza swali moja dogo: "Kaka, nyingine lini?"

Nyingine ilikuwa Iringa, baada ya wiki tatu. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Tukapiga hesabu ya nauli kwenda na kurudi, ikawa inakula karibu zawadi yake yote. Akakunja kanga yake. "Basi mtanikimbilia."

IRINGA NA UPEPO WAKE

Iringa nilikwenda peke yangu. Mshikaji alisema goti, lakini mimi nadhani ni misonobari.

Iringa mjini umekaa juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na chini yake, Ipogolo, ndiko inakopita barabara kuu ya kwenda Zambia na Mto Ruaha Mdogo. Ukiona ramani tu unajua waandaaji watafanya nini. Mbio za kilomita 10: mnatoka mjini, mnateremka mpaka Ipogolo, mnazunguka kidogo, halafu mnaupanda ule mlima kurudi. Yaani Mbeya kichwa chini miguu juu. Hapa raha inakuja kwanza, deni baadaye.

Baridi ya Iringa si kali kama ya Mbeya, lakini ina rafiki yake anaitwa upepo. Unakupiga ubavuni mpaka namba ya kifuani inapepea kama bendera.

"Kamwene," akanisalimia mzee mmoja tuliyesimama naye mstari wa kuanzia, mkulima wa huko pembeni mwa mji. Nikaitikia. Akaniangalia viatu, akaniangalia uso, akaniambia: "Kijana, ule mlima wa kurudi hupandwi kwa hasira. Upande kama unayekwenda kuomba kitu kwa mkweo."

Msomaji wangu, sijawahi kupata kocha bora kuliko huyo. Vijana walimwagika kwenda Ipogolo kama maji ya mvua, wengine wakiruka kwa furaha. Wakati wa kupanda nikawaokota mmoja mmoja, wameshika kiuno kwa kichomi, wanauliza, "Bado kiasi gani?" Mimi nilikuwa kwa mkwe. Kichwa chini, hatua fupi, adabu mbele.

Wanawake walikuwa 11 tu. Mmoja wao, muuza mboga wa sokoni, alisema mtaani kwake wanamcheka, eti mwanamke mzima anakimbia barabarani anakimbizwa na nani. "Siku nikileta hela ndani, watanyamaza," akasema. Siku ile alileta: wa tatu, shilingi 20,000. Sijui kama walinyamaza, lakini alikwenda nyumbani kwa bodaboda, hakutembea.

HATA NEW YORK ILIANZA HIVIHIVI

Sasa kuna mtu anasoma hapa anasema, "Mbio za watu 90 na zawadi ya elfu hamsini zinatusaidia nini?" Tulia nikupe habari.

Septemba 1970 kule New York, Marekani, watu 127 walijiandikisha kwenye marathoni ya kwanza ya mji huo. Kiingilio kilikuwa dola moja. Hawakupita kwenye madaraja na mabarabara makubwa kama wanavyofanya siku hizi. Walizunguka bustani moja ya mjini, Central Park, yenye vilima vyake, mzunguko baada ya mzunguko. Waliomaliza walikuwa 55. Zawadi zilikuwa saa za mkononi za bei poa na vikombe vilivyowahi kutumika kwenye michezo mingine. Aliyeshinda alikuwa mfanyakazi wa zimamoto, Gary Muhrcke.

Miaka 19 baadaye, mwaka 1989, mbio hizo hizo zilikuwa zinatazamwa na dunia nzima, na aliyekata utepe alikuwa Mtanzania, mwanajeshi wetu Juma Ikangaa, kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1. Rekodi yake ya njia ile ilidumu mpaka mwaka 2001.

Tukubaliane basi: ukubwa wa mbio hauanzi na ukubwa. Nenda Afrika Kusini, mbio za Comrades kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90 za milima mitupu, nazo hukimbiwa wakati wa baridi ya kwao. Mwaka 1921 walianza wakimbiaji 34. Leo ni maelfu kwa maelfu.

Na sisi hatujaishiwa watu. John Stephen Akhwari aliumia goti Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974. Alphonce Simbu alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akachukua shaba ya dunia London mwaka 2017, na Septemba 2025 kule Tokyo akashinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Sasa angalia majina hayo. Manyara, Arusha, Dodoma, Singida. Nyanda za Juu Kusini mbona hazisikiki kwa sauti hiyo? Milima ipo. Baridi ipo. Watoto wanaokimbia pekupeku bila kuhema nimewaona kwa macho yangu. Ninavyoona mimi, kinachopungua ni swali la yule dada kupata jibu: nyingine lini? Mtu anayekimbia mara moja kwa mwaka hawezi kujua kama ana kipaji au ana bahati. Anayepata mbio kila mwezi, karibu na kwao, kwa bei ya sahani mbili tatu za wali, huyo atajua. Na mjini nzima itajua.

UKITAKA KWENDA, SIKIA HAYA

Fika siku tatu nne kabla kama unatoka pwani. Kama huwezi, basi punguza mwendo, mlima utakuelewa.

Vaa sweta la mtumba usilolionea uchungu. Ukipata joto unamwachia mtoto wa pale, litamsaidia kuliko wewe.

Pasha mwili taratibu dakika 10 hadi 15. Msuli wa baridi ni kama ufagio mkavu, ukiupinda unakatika.

Kunywa maji hata kama huna kiu. Baridi inadanganya, jasho linakauka kabla hujaliona.

Zoezi la kushuka ni muhimu kama la kupanda. Hatua fupi, magoti yalegee, usiegemee nyuma.

Barabarani kaa upande wa kulia, uyaone malori yanayokuja.

Na viatu. Kama una jozi ya zamani ambayo soli bado inashika, usiitupe na usiifanye ya kuendea bafuni. Ibebe. Kule kiwanjani, ukiangalia miguu ya watu kabla ya filimbi, utajua mwenyewe umpe nani.

Kwa ninyi wenye klabu za joging za Mbeya, Iringa, Makambako na Njombe: kaeni mkutane, mpangiane Jumamosi zenu, moja mwezi huu kwenu, nyingine mwezi ujao kwao. Bandikeni kalenda pale pale kwa kinyozi. Daftari mnalo, kopo mnalo, na mlima hamjaulipia.

Mimi kipupwe kijacho nipo. Mwenye sweta la zambarau kasema atafikiria.

Haya, wiki njema!